Thondaman: Mbunge aliyenyang'anywa wapiga kura wake

Mwaka 1947 wachuma chai wa milimani nchini Sri Lanka, kisiwa kilichoitwa Ceylon wakati huo, walipiga kura na kumpeleka bungeni mtu wao, Savumiamoorthy Thondaman. Mwaka uliofuata Bunge hilohilo lilipitisha sheria iliyowaacha watu hao bila uraia. Uchaguzi wa mwaka 1952 ulipofika, majina ya karibu wote hayakuwemo tena katika daftari la wapiga kura. Thondaman hakurudi bungeni. Watu wake hawakuwa wamemchoka. Hawakuwa na kura ya kumpa.

Ilimchukua miaka 25 kurudi bungeni kwa kura za wananchi, na karibu miaka 40 kuwaona wengi wa watu wake wakirudishiwa uraia. Katika taarifa za habari Watamil wa Sri Lanka hutajwa zaidi kwa sababu ya vita vilivyomalizika mwaka 2009. Leo tunaeleza habari nyingine ya Watamil, isiyosikika sana: ya watu wa mashamba ya chai, na ya mbunge aliyegundua kwamba asiye na kura bado ana mikono, na mikono hiyo ndiyo inayochuma chai.

Watamil wa aina mbili

Kwanza tuliweke sawa jambo moja linalowachanganya wengi. Sri Lanka ina makundi mawili makubwa ya Watamil. Wote huzungumza Kitamil na wengi wao ni wa dini ya Kihindu, lakini historia zao ni tofauti.

Kundi la kwanza ni Watamil wa kaskazini na mashariki, katika miji kama Jaffna, Trincomalee na Batticaloa. Hao wameishi kisiwani kwa karne nyingi. Waasi wa Tamil Tigers walitokea upande huo.

Kundi la pili ni Watamil wa milimani, katikati ya nchi. Hao waliletwa na Waingereza kutoka kusini mwa India katika karne ya 19, kwanza kulima kahawa. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani, uleule unaowasumbua wakulima wa kahawa wa Afrika Mashariki hadi leo, uligunduliwa kisiwani humo, na katika miaka iliyofuata ukaiangamiza mibuni. Wenye mashamba wakageukia chai. Kahawa ilihitaji watu wengi wakati wa mavuno tu, lakini chai huchumwa mwaka mzima. Kwa hiyo wafanyakazi waliokuwa wakija na kuondoka sasa wakabaki, wakaoa, wakazaa na kuzikana hukohuko milimani.

Maisha yao yalikuwa magumu. Waliajiriwa kupitia mnyapara, Mtamil mwenzao aliyetumwa India kutafuta watu. Mnyapara aliwalipia nauli na chakula cha njiani, na gharama hiyo ikageuka deni lililowafunga shambani. Familia nzima ililala katika chumba kimoja, katika majengo marefu yaliyogawanywa vyumba mstari mmoja, kama zilivyokuwa kambi nyingi za wafanyakazi wa mkonge huku kwetu. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika kuchuma, na walilipwa kidogo kuliko wanaume.

Wakati kisiwa kinapata uhuru, Februari 1948, Watamil hao wa milimani walikuwa zaidi ya 700,000. Katika kila watu 10 wa nchi nzima, mmoja alikuwa wa kwao. Na chai waliyoichuma ndiyo iliyoiletea nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni.

Mtoto wa mnyapara

Thondaman alizaliwa Agosti 30, 1913, kusini mwa India, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Tamil Nadu. Baba yake alikuwa amekwenda Ceylon akiwa kijana maskini. Alifanya kazi mashambani, akapanda akawa mnyapara, na mwishowe akafanya jambo ambalo wafanyakazi wachache sana waliliweza: alinunua shamba lake mwenyewe la chai, lililoitwa Wavendon, huko Ramboda.

Mtoto alimfuata baba yake mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 11. Akasoma katika mji wa Gampola. Kwa hiyo Thondaman alikulia pande mbili kwa wakati mmoja. Alikuwa mtoto wa mwenye shamba, na alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kuchuma na kupalilia. Jambo hili lilimfuata maisha yake yote. Wapinzani wake walimwuliza mara nyingi: tajiri mwenye shamba anawezaje kuwaongoza vibarua? Wafuasi wake walijibu kwamba aliweza kukaa meza moja na wenye mashamba bila kuwaogopa, kwa kuwa hesabu zao alizijua.

Mwaka 1939 serikali ya kisiwa ilianza kuwaachisha kazi Wahindi waliokuwa vibarua wa serikali. Jawaharlal Nehru, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa India huru, alikwenda Ceylon kuzungumzia suala hilo. Aliwashauri watu wenye asili ya India waungane, na Julai mwaka huo kikaundwa chama cha Ceylon Indian Congress. Thondaman, akiwa kijana wa miaka 25, alijiunga na kuongoza tawi la Gampola.

Mwaka uliofuata chama hicho kikaanzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani. Ulikuwa wakati wa hatari. Januari 1940 polisi walimpiga risasi na kumuua mfanyakazi mmoja katika mgomo wa shamba la Mooloya. Wenye mashamba hawakutaka kusikia habari za vyama. Mfanyakazi aliyejiunga aliweza kufukuzwa kazi, na kufukuzwa kazi kulikuwa na maana ya kufukuzwa pia katika chumba alimolala na wanawe. Hata hivyo watu walijiunga kwa maelfu. Mwaka 1950 chama kikachukua jina ambalo kinalo hadi leo, Ceylon Workers' Congress.

Sheria iliyodai cheti cha babu

Katika uchaguzi wa mwaka 1947 Thondaman alishinda kiti cha Nuwara Eliya, mji ulio katikati ya mashamba ya chai. Wenzake kadhaa wa chama chake walishinda pia. Katika majimbo mengine kura za wafanyakazi wa mashambani ziliwasaidia wagombea wa vyama vya mrengo wa kushoto. Serikali ya waziri mkuu D. S. Senanayake iliona hatari. Kwa upande mwingine, Wasinhala wengi wa milimani, ambao ardhi za wazee wao zilichukuliwa na Waingereza kwa ajili ya mashamba, waliona kwamba sasa wageni wanataka kuwachukulia na viti vya Bunge. Malalamiko yao juu ya ardhi yalikuwa ya kweli. Lakini waliobebeshwa mzigo ni vibarua, ambao ardhi hiyo haikuwa yao.

Sheria ya uraia ya mwaka 1948 haikutaja Watamil wala Wahindi. Ilisema tu kwamba raia ni yule anayeweza kuthibitisha kwamba baba yake alizaliwa kisiwani, au, ikiwa yeye mwenyewe alizaliwa nje, kwamba baba na babu walizaliwa humo, au babu na baba wa babu. Kwa macho ni sheria ya haki kwa wote. Lakini mchuma chai angekitoa wapi cheti cha kuzaliwa cha baba yake, sembuse cha babu? Watoto walizaliwa katika vyumba vya mashambani, na wazazi wengi hawakujua kusoma. Kwa Msinhala wa kijijani, mkuu wa kijiji na majirani walimjua na hakuna aliyemwuliza karatasi. Aliyeulizwa karatasi alikuwa Mtamil wa mashambani.

Mwaka 1949 ikaja sheria ya pili, iliyofungua mlango mdogo. Mtu mwenye asili ya India aliweza kuomba uraia akithibitisha kwamba ameishi kisiwani mfululizo kwa miaka 7 ikiwa ameoa, au 10 ikiwa hajaoa, na kwamba ana kipato cha kumtosha. Sheria ya tatu, mwaka huohuo, ikasema asiye raia hapigi kura.

Hapa chama cha Thondaman kilifanya kosa. Kwanza kiliwaambia watu wasijaze fomu, kwa kuwa kuomba uraia ni kukubali kwamba wao si raia. Baadaye, muda ukiwa umebaki mdogo, kikabadili msimamo na kuwahimiza wakimbilie kujaza. Mwisho wa kuomba ulikuwa Agosti 1951, na maombi yalimiminika katika miezi ya mwisho. Yaliwahusu watu zaidi ya 800,000. Kesi zilivutwa kwa miaka, faili moja moja. Aliyekwenda India kumzika mama yake akakaa miezi kadhaa aliambiwa kwamba makazi yake hayakuwa ya mfululizo. Mwishowe waliokubaliwa walikuwa watu wapatao 134,000 tu.

India nayo ilisema watu hawa si wake. Wengi wao walizaliwa Ceylon na hawakuwahi kuiona India. Wakawa watu wasio na uraia wa nchi yoyote duniani. Bila uraia huna pasipoti, huajiriwi serikalini, na ardhi ya serikali inapogawiwa jina lako halimo.

Walikuwepo wanasiasa wa Kitamil wa kaskazini walioliona hatari jambo hili. S. J. V. Chelvanayakam, wakili na mbunge kutoka upande wa Jaffna, alionya kwamba wakinyimwa haki hawa leo, kesho itakuwa zamu ya Watamil wengine kwa njia ya lugha. Kiongozi wa chama chake alipoamua kubaki serikalini, Chelvanayakam alijitoa na kuunda chama kingine mwaka 1949. Miaka saba baadaye, mwaka 1956, Kisinhala kikafanywa lugha pekee ya serikali.

Kugawana watu kwa hesabu

Mwaka 1952 Thondaman na wenzake walijaribu njia waliyojifunza kwa Gandhi, ya kupinga bila kutumia nguvu. Walikwenda Colombo, wakaketi mbele ya ofisi ya waziri mkuu na Bunge, na wakaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi minne. Serikali haikubadili sheria. Wakarudi milimani.

Bila wapiga kura, Thondaman alikuwa na kitu kimoja tu mkononi, chama cha wafanyakazi. Katikati ya miaka ya 1950 hata hicho kiligawanyika, pale mwenzake Abdul Aziz alipojitenga na kuunda chama chake. Lakini chama cha Thondaman kilibaki kikubwa. Na serikali zilitambua kwamba hata kama mtu huyu hana kura, hakuna mazungumzo ya mshahara wa chai yanayoweza kufanyika bila yeye. Mwaka 1960 serikali ya Sirimavo Bandaranaike ilimpa kiti cha mbunge wa kuteuliwa. Mwaka 1965 serikali ya upande wa pili, ya Dudley Senanayake, ikamteua tena. Kwa hiyo alirudi bungeni, lakini kwa hisani ya mkubwa. Kiti cha kupewa hunyang'anywa pia.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea tukio lililowaumiza watu wa milimani kuliko yote. Oktoba 30, 1964, Bandaranaike na waziri mkuu wa India, Lal Bahadur Shastri, walitia saini mkataba juu ya watu 975,000 wasio na uraia. India ingechukua 525,000. Ceylon ingewapa uraia 300,000. Waliobaki, 150,000, wangezungumziwa baadaye. Mwaka 1974 Bandaranaike na Indira Gandhi waliwagawana hao nusu kwa nusu, 75,000 kila upande.

Tafadhali zitazame hesabu hizo tena, kwa sababu tutazirudia mbele kidogo. Kwa jumla India iliahidi kuchukua watu 600,000, na Sri Lanka 375,000. Watu wenyewe hawakuulizwa. Thondaman alilalamika kwamba viongozi wa nchi mbili wamewagawana binadamu kama mifugo, bila kuwaita mezani hata mara moja.

Mkataba ulianza kutekelezwa. Familia zilifunga mizigo, zikapanda treni hadi Talaimannar na kuvuka kwa meli hadi Rameswaram, India. Ndugu mmoja alipata karatasi ya India, mwingine ya Sri Lanka, na mkondo wa bahari ukawatenga. Mamia ya maelfu waliondoka kwa miaka ile. Baadhi yao walipewa kazi katika mashamba ya chai ya milima ya Nilgiri huko Tamil Nadu. Walikwenda kuchuma chai ileile katika nchi waliyoambiwa kuwa ni kwao, na huko wenyeji wakawaita watu wa Ceylon.

Waliobaki waliingia katika miaka mibaya zaidi. Katika miaka ya 1970 serikali ilitaifisha mashamba ya chai, na wakati huohuo chakula kikawa haba. Mwaka 1974 njaa iliua watu mashambani. Mwaka 1972 Thondaman alikuwa ameungana na viongozi wa kaskazini, Chelvanayakam na G. G. Ponnambalam, katika umoja wa vyama vya Watamil. Lakini mwaka 1976 umoja huo ulipoamua kudai nchi huru ya Watamil, Thondaman hakwenda nao. Sababu yake ilikuwa ramani. Nchi iliyodaiwa ilikuwa kaskazini na mashariki, na watu wake walikuwa milimani, wamezungukwa na Wasinhala pande zote. Nchi hiyo mpya isingewafikia, na vita vyake vingewafikia wao kwanza.

Kurudi kwa kura

Julai 1977 ukafanyika uchaguzi ambao watu wa milimani wanaukumbuka. Kwa sababu ya wale waliopewa uraia chini ya mkataba, sasa baadhi ya wachuma chai walikuwa na kura tena. Jimbo la Nuwara Eliya na Maskeliya lilikuwa na viti vitatu. Viwili vilichukuliwa na wanasiasa wakubwa wa Kisinhala, Gamini Dissanayake na Anura Bandaranaike. Cha tatu kikaenda kwa Thondaman. Alikuwa na umri wa miaka 63, na ilikuwa miaka 30 tangu achaguliwe mara ya kwanza.

Mwaka 1978 Rais J. R. Jayewardene alimwingiza katika baraza la mawaziri. Chama cha Jayewardene ndicho kilekile kilichowavua watu wake uraia mwaka 1948. Wengi walimshangaa. Yeye aliona kwamba kwa watu wachache, waliotawanyika na wasio na ardhi, kukaa nje na kupiga kelele hakuleti cheti hata kimoja. Katiba mpya ya mwaka huo iliondoa tofauti kati ya raia wa kuzaliwa na raia wa kuandikishwa, jambo ambalo watu wa milimani walikuwa wakilidai kwa muda mrefu.

Nafasi hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1977, 1981 na tena Julai 1983 makundi ya watu yaliwashambulia Watamil, yakachoma nyumba na kuua, mijini na mashambani pia. Mwaka 1983 kulikuwa na ushahidi kwamba watu wenye uhusiano na chama tawala walishiriki. Thondaman alilaani mauaji hayo, lakini hakujiuzulu. Vijana wengi wa Kitamil hawakumsamehe kwa hilo. Waliomtetea walisema kwamba kama angetoka, wachuma chai wasingekuwa na mtu yeyote ndani wa kupiga simu usiku nyumba zinapowaka. Hoja zote mbili bado zinazungumzwa milimani hadi leo.

Chai haisubiri

Sasa tufike kwenye njia aliyoitumia. Wasikilizaji wetu wanaolima chai wanaijua vizuri: unachuma majani mawili na chipukizi, unarudi kwenye mstari uleule baada ya wiki moja hivi, na majani yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Ukichelewa, jani linakomaa na kuwa gumu, na chai yake haina bei. Mwenye duka anaweza kufunga mwezi mzima na nguo zikabaki nguo, lakini chai haisubiri. Mchuma chai akikaa nyumbani, mwenye shamba anaanza kuhesabu hasara tangu wiki ya kwanza.

Aprili 1984 chama cha Thondaman na vyama vingine vya mashambani viliitisha mgomo. Mikono ikaacha kuchuma kote milimani. Thondaman alikuwa waziri na wakati huohuo kiongozi wa waliogoma dhidi ya mashamba ambayo sasa yalikuwa ya serikali. Kwa siku chache tu serikali ikakubali. Mshahara ukapanda, na wanawake wakaanza kulipwa sawa na wanaume. Kwa miaka zaidi ya mia moja mwanamke alikuwa akijaza kikapu kilekile kwa ujira mdogo.

Kisha likaja suala la uraia. Turudi kwenye zile hesabu. India ilikuwa imeahidi kuchukua watu 600,000. Lakini walioomba uraia wa India walikuwa 506,000 tu. Waliobaki, 94,000, hawakuomba kwa sababu hawakutaka kwenda. Sri Lanka ilisema ni wa India, na India ikasema hawakuomba. Vita vilipoanza kaskazini, meli za Talaimannar zikasimama mwaka 1984. Hapo hata aliyetaka kwenda hakuwa na njia.

Januari 1986, wakati wa sikukuu ya mavuno ya Watamil iitwayo Pongal, Thondaman aliwaita wafanyakazi wasali. Hakuita mgomo. Aliwaomba tu kwamba kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, wakusanyike wamwombe Mungu awape haki yao. Sala ile ilikuwa ndefu, ya saa kadhaa. Na asubuhi ndiyo saa ya kuchuma. Serikali ikajikuta mahali pagumu, kwani ingempeleka polisi kumkamata nani, mama anayesali?

Vita vilikuwa vinaendelea kaskazini, hazina ya nchi ilitegemea chai, na serikali haikutaka kufungua uwanja wa pili wa mapambano milimani. Mazungumzo yakaenda haraka. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwapa uraia wale 94,000, nyongeza juu ya wale waliokubaliwa katika mikataba. Mwaka 1988 sheria nyingine ikarahisisha taratibu. Mzee wa miaka 70 na zaidi, aliyeliona Bunge likiwavua watu wake uraia, alikuwemo katika Bunge lililoanza kuwarudishia.

Mwisho wake na yaliyobaki

Thondaman aliendelea kuwa waziri chini ya marais wanne, Jayewardene, Premadasa, Wijetunga na Kumaratunga. Mwaka 1994 chama tawala kilipobadilika, naye alibadili upande. Wapo waliomwita mjanja asiye na msimamo. Wapo waliosema msimamo wake ulikuwa mmoja tu, na chama kilikuwa gari la kumfikisha. Pia alikosolewa kwa kukifanya chama cha wafanyakazi kama mali ya familia. Kweli, baada yake uongozi ulikwenda kwa mjukuu wake, Arumugam Thondaman, aliyekuwa waziri hadi alipofariki mwaka 2020, kisha mtoto wa Arumugam, Jeevan, akaingia bungeni mwaka huohuo.

Mzee mwenyewe alifariki Oktoba 30, 1999, akiwa na miaka 86. Ilikuwa miaka 35 kamili, siku kwa siku, tangu ule mkataba wa kugawana watu ulipotiwa saini. Hakuuona mwisho kabisa wa kazi yake. Mwaka 2003 ndipo Bunge lilipopitisha sheria iliyowapa uraia watu wenye asili ya India waliokuwa bado hawana, kwa tamko tu lililotiwa saini, bila kuulizwa cheti cha babu.

Kura ilirudi, lakini umaskini haukuondoka. Familia nyingi za wachuma chai bado zinaishi katika majengo yaleyale ya vyumba vya mstari, juu ya ardhi isiyo yao. Mwaka 2021 ujira wa kutwa wa wachuma chai uliwekwa kuwa rupia 1,000, baada ya miaka ya kuudai. Vijana wengi hawataki tena kikapu. Wanatafuta kazi Colombo au nchi za Ghuba. Ardhi na nyumba ndiyo madai yao makubwa sasa, na madai hayo hayajapata Thondaman wake.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Nchini Kenya, Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani waliishi kwa miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na wakaupata. Wao nao walikuwa watoto na wajukuu wa vibarua, waliozaliwa shambani, na walioulizwa karatasi ambazo hakuna aliyewahi kuwaandikia.

Ndiyo maana tumeona vema kueleza habari za mbunge huyu wa mbali. Watu wa Nuwara Eliya walipoteza nchi kwa sababu ya vyeti vya kuzaliwa ambavyo babu zao hawakuandikiwa, na iliwachukua zaidi ya nusu karne kuirudisha. Msikilizaji mwenye mtoto ambaye bado hajaandikishwa kuzaliwa, ofisi ya kata au ya chifu ikiwa karibu, asiseme atakwenda mwakani.